TAHARIRI: Uhalali wa nyama hauishii kwenye kisu

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Kila korosho zinapouzwa, na kila Idi ya kuchinja inapofika, ng'ombe na mbuzi wengi huchinjwa Newala, Masasi na vijijini kwetu. Swali tunalouliza Waislamu ni moja: nani kachinja? Ni swali la haki. Lakini limelifunika swali la pili: baada ya mnyama kukata roho, nyama yake imeshughulikiwaje?

Qur'ani Tukufu inatuamrisha kula kilicho halali na kilicho twayyib, yaani kizuri, kisafi. Sifa hizo zimetajwa pamoja, wala moja haichukui nafasi ya nyingine.

Wataalamu wanatufundisha kwamba nyama ya ndani ya mnyama mwenye afya kwa kawaida haina vijidudu. Uchafu huiingia kutoka nje: katika ngozi, kwato, matumbo, visu na mikono ya wachunaji. Matumboni huishi bakteria kama Salmonela, na ile aina ya E. koli iitwayo O157:H7. Nchini Marekani, mwaka 1993, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafariki kwa sababu ya nyama ya kusaga yenye bakteria huyo, ambayo haikuiva sawasawa. Tangu hapo viwanda vingi vya huko huosha nyama kwa maji ya moto, mvuke au asidi ya laktiki.

Sisi tuko katika uwanda wa Makonde. Ardhi yetu ni mchanga unaonyonya mvua, na vizazi kwa vizazi mama zetu wameshuka mabondeni kutafuta maji. Ndiyo maana ndoo moja na tambara moja husafisha ng'ombe wa kwanza, kisha wa pili na wa tatu. Maji hayo hayaondoi uchafu, bali huutembeza. Kwa hiyo, kwetu sisi, kuuzuia uchafu usiifikie nyama ni bora kuliko kuuosha baadaye.

Kwanza, mnyama asilishwe usiku wa kuamkia kuchinjwa, ila apewe maji. Pili, akishakata roho kabisa, umio ufungwe kwa kamba, kwani kuchinja kwetu hukata koromeo na umio pamoja, na yaliyomo tumboni humwagikia shingoni. Njia ya haja kubwa nayo ifungwe kabla ya tumbo kupasuliwa. Tatu, achunwe akiwa ametundikwa, si juu ya udongo. Kisu cha ngozi kisiwe cha nyama, na mkono ulioshika ngozi uoshwe kwanza. Visu vitumbukizwe katika maji ya moto sana. Machinjio ya kisasa hutumia nyuzi 82. Nne, palipoangukiwa na kinyesi pakatwe patupwe, pasipanguswe kwa tambara.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea katika nchi yetu, wanahesabu kinyesi cha mnyama kuwa ni najisi. Na wale walioona vinginevyo kwa mnyama wa halali hawakusema kwamba kiliwe.

Ndugu Waislamu, nyama ya udhiya huwafikia mayatima, wajane na wazee. Kumpa maskini nyama iliyochafuliwa kwa uzembe ni kumpa maradhi kwa jina la sadaka.

Tunazitaka kamati za misikiti, kabla ya Idi ijayo, zinunue kamba, visu vya ziada na sufuria kubwa ya maji ya moto, na zimwalike bwana afya au daktari wa mifugo awafundishe wachinjaji. Halmashauri nazo zikumbuke kwamba Sheria ya Sekta ya Nyama ilitungwa mwaka 2006; machinjio yasiyo na maji wala mahali pa kutundikia nyama hayaitimizi. Na mnunuzi, anapofika buchani, aulize maswali yote mawili.

Wabillahi tawfiq.