Mtoto Achore, Mtoto Asimulie

Mwaka 1971 Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada ilitoa filamu fupi iitwayo Christmas at Moose Factory. Iliongozwa na Alanis Obomsawin, mama wa kabila la Waabenaki, nayo ndiyo filamu yake ya kwanza. Hamna waigizaji ndani yake. Mna michoro ya kalamu za rangi ya watoto wa Wakrii, wenyeji wa asili wa pwani ya James Bay, na sauti za watoto hao wakisimulia Krismasi ya kwao.

Tunaitaja kwa sababu ilitayarishwa katika shule ya bweni. Historia ya shule za namna hiyo nchini Kanada ni chungu. Kwa miaka mingi watoto walitengwa na wazazi wao, na wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha zao. Serikali iliomba radhi mwaka 2008. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Lakini watoto wale hawakuacha, waliachishwa, na aliyewaachisha aliitwa mwalimu.

Sisi tunaojifunza kazi hiyo hiyo yatupasa kujihadhari. Mara ngapi tumewaambia watoto wachore nyumba, kisha tukachora yetu ubaoni nao wakainakili? Madaftari arobaini, nyumba moja! Na mtoto anapoanza kusimulia kisa alichosikia kwa bibi yake, twamkatiza ili kusahihisha sarufi, naye hasemi tena.

Kwa maoni yetu, njia bora ni nyepesi. Mtoto achore kwao, kwa penseli au hata mchangani. Kisha aeleze alichochora kwa maneno yake, na mwalimu ayaandike ubaoni vile vile yalivyosemwa. Darasa liyasome. Masahihisho yafuate baadaye, kwa pamoja.

Huenda wengine wakasema kwamba muhtasari ni mrefu na darasa ni kubwa. Hayo ni kweli. Lakini kazi hii haiko nje ya muhtasari: ndani yake mna kusema, kusikiliza, kusoma na kuandika. Darasa likiwa kubwa, ligawanywe katika vikundi, na kila siku kikundi kimoja kisimulie.

Basi, tutakapokwenda mazoezini, tuanze kwa kusikiliza. Mtoto huja shuleni akiwa na mengi ya kusema. Tusiwe sisi wa kumnyamazisha.