Mtu mmoja, kamera moja, na matarajio ya kikosi

Mwaka 1991, mjini Ciudad Acuña, Mexico, Robert Rodriguez alipiga filamu ya El Mariachi kwa takriban dola 7,000. Aliandika, akaongoza, akashika kamera na kuhariri mwenyewe. Kamera ilikuwa na kelele, hivyo sauti ilirekodiwa kando. Columbia Pictures ilipoinunua filamu hiyo, ilitumia fedha nyingi zaidi ya hizo kuiandaa kwa ajili ya kumbi za sinema.

Gharama hiyo ya mwisho ndiyo wateja wengi wa wapigavideo wanaofanya kazi peke yao husahau.

Kwa mahojiano na seremala karakanani kwake, mpigavideo wa peke yake anatosha, pengine hata anawashinda watu wanne: anayehojiwa hulegea haraka mbele ya mtu mmoja. Harusi ni jambo jingine. Bibi harusi anapambwa saluni, bwana harusi anavalishwa nyumbani, na hakuna awezaye kuwa kote kuwili. Anayeahidi hivyo kwa bei ya chini aulizwe maswali.

Kazi za awali za mpigavideo zisikilizwe kwa makini, si kutazamwa tu, kwa kuwa anayeongoza kamera na maikrofoni kwa wakati mmoja huteleza kwanza kwenye sauti. Kisha mkataba uandikwe, hata wa ukurasa mmoja: malipo ya awali kiasi gani, marekebisho mangapi, nani atabaki na picha ghafi. Siku za kuhariri nazo zilipwe. Kumlipa mpigavideo siku ya kupiga picha pekee, kisha kumdai wiki nzima ya marekebisho, ni dhuluma.