Muda wa karakana usiliwe na mhadhara

Hoja kwamba mhadhara ndio njia ya uhakika zaidi ya kufundisha ufundi haina mashiko. Mwaka 2014, mtafiti Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: katika mihadhara mitupu walifeli takriban asilimia 34 ya wanafunzi, katika madarasa shirikishi asilimia 22. Darasa geuzi ni njia mojawapo ya kupata nafasi ya ushiriki huo: nadharia husomwa kabla, kwa video au kitini, na kipindi hubaki cha kazi. Kweli, intaneti ni ghali. Lakini video yaweza kunakiliwa kwenye simu chuoni, na kitini kikachapishwa. Kulehemu hakufundishwi kwa kusikiliza. Mkufunzi anahitajika pale mkono wa mwanafunzi unapokosea. Vyuo vianze sasa, mada moja baada ya nyingine.