Mtoto Asiyelipa Nauli Naye ni Abiria

Imezuka na kuota mizizi katika mabasi ya Dar es Salaam, hasa yale yanayokwenda pembezoni mwa mji, tabia ya kumhesabu mtoto mdogo kuwa ni mzigo. Asubuhi katika kituo cha Tandika, au jioni pale Makumbusho, mama huingia katika daladala akiwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni, mkoba begani na chupa ya uji mkononi. Kabla hajapata pa kushika, gari limekwisha ondoka. Wale waliowahi viti, wengi wao wakiwa ni watumishi wa Serikali na walimu, huinamisha vichwa kwenye simu zao au hufumba macho ghafla kana kwamba wamepatwa na malale. Na ikitokea abiria mmoja akashuka njiani, mama akakaa na kumketisha mtoto pembeni yake, kondakta hutoa amri ambayo sasa kila mtu mjini anaijua: "Mama, mpakate mtoto, hicho kiti cha watu!"

Kauli hiyo ina itikadi ndani yake. Inasema kwamba mtu ni yule anayelipa, na asiyelipa amewekwa katika fungu moja na kapu la mchicha, tena afadhali kapu, maana kapu hulipiwa.

Ni rahisi kumtukana kondakta, na abiria humtukana kila siku. Lakini lazima isemwe wazi kwamba kondakta naye ni mnyonge. Mwenye gari hupanga hesabu ya siku, yaani kiasi maalumu cha fedha ambacho dereva hana budi kukipeleka jioni, foleni iwepo isiwepo, mvua inyeshe isinyeshe, mafuta yapande yasipande. Kinachobaki ndicho ujira wa dereva na kondakta wake, na wengi wao hawana mkataba wa kazi. Kwa mpango huo kila inchi ya gari ina bei, na mtoto aliyekaa kitini bila nauli huonekana kuwa ni mwizi wa nafasi. Anayenufaika na amri ya kumpakata mtoto hayumo ndani ya gari. Yupo nyumbani kwake, anasubiri hesabu.

Mpango huu haukushuka kutoka mbinguni. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliundwa mwaka 1974 ili usafiri wa mji uwe huduma ya umma. Lilipoelemewa, magari yakalala gereji kwa kukosa vipuri na wananchi wakashinda vituoni kwa kukosa magari, Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983. Ruhusa hiyo iliokoa jahazi, na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini ruhusa ya kubeba abiria haikuwa ruhusa ya kuamua nani ni abiria na nani si abiria. Hata mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, hayakumaliza tatizo. Kiti kilichotengwa kwa ajili ya wajawazito, wazee na wenye watoto hakina faida kwa mama ambaye hawezi kuufikia mlango. Katika misongamano ya asubuhi mwenye misuli ndiye aliyetangulia kuingia, na walionekana watu wazima, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wakipitia madirishani.

Wapo wanaojibu kwa kejeli: kwa nini mama asimwache mtoto nyumbani? Swali hilo huulizwa zaidi na mtu ambaye mtoto wake analelewa na mtu mwingine. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mama mzazi likizo ya siku 84. Baada ya hapo anatakiwa kazini, na kazi yenyewe huenda iko Kinondoni na chumba alichopanga kiko Chamazi. Bibi wa mtoto yuko Songea au Singida. Msichana wa kazi ameaga Ijumaa kwamba anakwenda kusalimia, na tangu hapo simu yake haipatikani. Zaidi ya hayo, mtoto ana safari zake mwenyewe zisizokwepeka: chanjo ya surua na rubela ya kwanza hutolewa akiwa na miezi 9 na ya pili akiwa na miezi 18, na homa ya usiku haimngojei baba arudi. Atafikaje hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala bila kusafiri? Anayetaka mama wa mtoto mdogo asipande basi anataka, kwa maneno mengine, asifanye kazi na mtoto wake asitibiwe.

Hata hivyo aibu ya daladala ni ndogo ikilinganishwa na aibu ya pikipiki. Kila siku ya shule, kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, katika mitaa ya Yombo, Buza, Mbagala, Tandale na Mwananyamala, yanaonekana mambo ambayo jamii yenye akili timamu isingeyavumilia. Bodaboda mmoja amebeba watoto watatu. Mkubwa, wa miaka 6, yuko nyuma. Wa miaka 4 amebanwa katikati. Mdogo kabisa, ambaye hata maneno hayajamtoka sawasawa, ameketishwa juu ya tangi la mafuta, mikono yake ikishika vioo. Vijana wa mitaani huuita upakiaji huo mshikaki, na jina hilo ni la kweli kuliko wanavyodhani. Helmeti ya dereva imening'inia kwenye mkono wa usukani. Watoto hawana kabisa, na hata wangepewa ya mtu mzima ingezunguka kichwani kama sufuria.

Dereva huyo hakuwaiba watoto hao. Amekodiwa. Analipwa kwa mwezi na wazazi ambao ni makarani, wahasibu, wauguzi na walimu, watu wanaojua kusoma mabango ya usalama barabarani na pengine wameyaandika wao wenyewe. Mtu huyo huyo asingekubali faili la ofisi lipelekwe masijala na mpita njia asiyetia saini, lakini mwanawe humkabidhi kwa kijana ambaye hajui hata jina lake kamili.

Yafaa ielezwe jinsi madhara yanavyotokea, maana wengi hudhani kwamba mwendo mdogo ni kinga. Kichwa cha mtoto wa miaka miwili ni kizito kwa kulinganisha na kiwiliwili chake, kwa hiyo anapoanguka kichwa hutangulia. Aliyekaa juu ya tangi hana pa kujizuia, na breki ikishikwa ghafla dereva mzima humlalia kwa nyuma na kumbana kwenye usukani. Wakati wa kushuka, mguu wake mfupi hupita juu ya bomba la moshi lililochemka, na ngozi hubaki pale. Kuna na hili ambalo halisemwi mara nyingi: mtoto mdogo husinzia upesi sana kwenye mtikisiko wa chombo. Aliyesinzia hashiki kitu.

Ikiwa mzazi hana njia nyingine, basi bajaji ni afadhali kuliko pikipiki, mtoto akikaa katikati ya watu wazima wawili mbali na upande ulio wazi. Katika daladala, mama asikae karibu na mlango, na mbeleko ihamishiwe kifuani, kwani mtoto aliye mgongoni hugeuka kuwa mto wa kuegemewa na kila anayesimama nyuma ya mama yake. Haya wanawake wa Temeke wanayajua zamani. Wanachokosa ni nafasi ya kuyatenda.

Wenye magari yao binafsi nao wasijione wamesalimika. Jumapili, katika barabara ya Bagamoyo, baba huonekana amempakata mtoto nyuma ya usukani, mtoto akipiga honi na baba akicheka kwamba dereva mpya amepatikana. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 30 au zaidi. Hakuna mikono ya mama wala baba inayoweza kuzuia kilo 300. Na mfuko wa hewa uliowekwa kwenye usukani ili kumwokoa mtu mzima hufumuka kwa kasi ya kumuua mtoto aliye mbele yake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba viti maalumu vya watoto garini hupunguza vifo vyao kwa asilimia 60 au zaidi. Mtu aliyeweza kununua redio yenye spika nne na kuweka vioo vyeusi hawezi kusema kwamba kiti hicho kimemshinda bei. Kimemshinda moyo.

Na hao wanaomwacha mtoto ndani ya gari lililofungwa "dakika mbili tu" wakati wanaingia dukani, wakumbuke jua la Januari na Februari katika mji huu. Gari lililofungwa juani huongezeka joto kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za kwanza. Nje kukiwa na nyuzi 32, ndani ni tanuri, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mkubwa.

Yako pia malalamiko ya kelele. Mtoto akilia katika foleni ya Tazara kwa saa nzima, abiria hugunia, hasa wale waliotoka kazini wamechoka. Mama aliyeaibishwa hutafuta dawa ya haraka, na dawa za haraka zimekuwa mbili. Ya kwanza ni simu. Mtoto hupewa kioo kinachomweka kimya kama aliyenyweshwa dawa ya usingizi, na simu ikiporwa dirishani, kama inavyotokea, vidole vyake navyo vimo. Ya pili ni karanga za dirishani. Hii ni hatari kubwa isiyopewa uzito wake. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hajapata magego ya kutosha ya kusaga karanga, na gari likiruka tuta wakati anatafuna, punje huingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula. Karanga ni miongoni mwa vitu ambavyo madaktari huvitoa mara nyingi katika mapafu ya watoto wa umri huo. Ndizi mbivu na kipande cha mkate hutosha, navyo vitolewe gari likiwa limesimama.

Kumliwaza mtoto safarini ni elimu, na kwa jambo hili Dar es Salaam ni darasa lisilokwisha. Daladala za mji zina mistari ya rangi mbalimbali kwa kadiri ya njia zake. Mtoto wa miaka miwili anaweza kutafuta ya kijani hadi Buguruni na asichoke. Kuna treni ya TAZARA ya kungojea, kuna Daraja la Mfugale ambalo tangu mwaka 2018 magari yanapita juu ya magari mengine, jambo ambalo hata baadhi ya wazee bado hulitazama kwa kustaajabu. Kuna ncha ya kanga ya kufunga na kufungua fundo. Kuna vidole vya kuhesabu. Mwalimu aliyekaa kiti cha jirani, aliyesomea kufundisha watoto, anaweza kulifanya gari zima liwe tulivu kwa kitendawili kimoja, naye huchagua kununa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi bora ya mtoto yatangulizwe katika mambo yanayomhusu. Haikusema kwamba barabarani mtoto huvuliwa haki hiyo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo inayotoa leseni za mabasi haya. Iandike katika masharti ya leseni kwamba anayempakata mtoto apewe kiti, na kwamba gari lisiondolewe kabla hajakaa. Kosa likitendeka faini atozwe mwenye gari, kwa sababu ndiye aliyepanga hesabu. Halmashauri nazo zinazokusanya ushuru katika vituo zijenge mabenchi yenye kivuli na foleni yenye uzio, ili mwenye mtoto aingie kwanza bila kupigana. Mambo haya hayangoji mkopo wa nje wala mtaalamu kutoka Ulaya.

Walimu wakuu wa shule zenye madarasa ya awali wana lao la kufanya, nalo haligharimu hata senti moja. Pikipiki inayoshusha mtoto zaidi ya mmoja getini iandikwe, na katika kikao cha wazazi majina ya waliokodi mishikaki yasomwe hadharani. Watakaokasirika watakuwa wengi na baadhi yao watakuwa na vyeo vikubwa. Wasomewe hivyo hivyo.