Figo Hazingoji Soko la Tumbaku

Katika karne ya 19, Kigwa ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwisho vya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Hapa wapagazi walitua mizigo, wakateka maji, wakahesabiana. Aliyeishiwa nguvu kwa homa au kuhara aliweza kuachwa njiani, kwani msafara haukumngoja mgonjwa. Tunapozisikia habari hizo leo tunasikitika, tukidhani zimekwisha. Je, sisi hatuna wagonjwa tunaowaacha njiani?

Tuchukue ugonjwa mmoja usiotajwa sana katika vikao vyetu: figo kushindwa kufanya kazi ghafla. Tunajua habari za ugonjwa sugu unaoharibu figo kwa miaka mingi. Huu mwingine huja kwa saa au siku chache. Figo zinazochuja damu na kutoa taka mwilini hulegea; mkojo hupungua au hukatika kabisa, mwili huvimba, pumzi hubana, mgonjwa huchanganyikiwa. Hata hivyo, figo zilizoumia hivyo mara nyingi hupona, mradi chanzo kitibiwe mapema. Kwa hiyo wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu wangeweza kuishi.

Vyanzo vyake tunavijua majumbani mwetu. Kuhara na kutapika kunakokausha maji mwilini, kipindupindu kikiwamo. Malaria kali. Maambukizo yaliyoenea katika damu. Mama kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, au kupatwa na kifafa cha mimba. Sumu ya baadhi ya nyoka, hatari wanayoijua warina asali na wakata kuni wa misitu yetu ya miombo. Tena zipo dawa zenyewe: vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa ovyo na mtu aliyekaukiwa maji, huziumiza figo, na baadhi ya mitishamba hufanya vivyo hivyo. Hatusemi haya ili kuwadharau waganga wetu. Tunasema kwamba mgonjwa asiyekojoa hana siku tatu za kujaribu dawa hii na ile.

Matibabu huanzia nyumbani. Kwa anayeharisha, maji ya chumvi na sukari yaanze mara moja: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kisha apelekwe kwenye zahanati, na msindikizaji aweze kujibu swali hili: amekojoa lini mara ya mwisho? Hospitalini watapima damu na kutibu chanzo, na kumpa maji kwa kipimo, maana figo zikishafunga, maji mengi mno nayo huua. Wachache watahitaji kusafishwa damu kwa mashine, mara nyingi kwa siku au wiki chache tu, hadi figo zirudi kazini. Ipo pia njia ya kuingiza maji maalumu tumboni kwa mpira mwembamba, yakavuta taka na kutolewa. Njia hiyo haihitaji mashine kubwa, na hospitali ya KCMC ya Moshi imeonyesha kwamba yawezekana nchini mwetu.

Mwaka 2013 chama cha kimataifa cha wataalamu wa figo kilitangaza lengo kwamba ifikapo 2025 asife mtu kwa ugonjwa huu kwa sababu inayozuilika. Lengo hilo halikufikiwa. Kwetu sababu moja iko wazi. Malaria na kuhara huzidi wakati wa masika, nayo fedha ya tumbaku huja baada ya masika. Ugonjwa hufika nyumbani siku ambazo mkulima hana hata nauli ya kufika Kitete. Anasema, "Tungoje kidogo." Figo hazingoji soko.

Basi tufanye mambo mawili. La kwanza liko mikononi mwetu: kila jumuiya iwe na akiba ya dharura, ichangwe wakati wa mauzo na itunzwe kwa ajili ya masika, pamoja na mwenye pikipiki aliyekubali kuitwa usiku. La pili ni la kudai kwa heshima na bila woga. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Viongozi wetu wa walei waulize katika mikutano ya kijiji na kata: mkulima maskini ambaye figo zake zimefunga ghafla, bima hiyo itamlipia nini, na wapi? Je, zahanati yetu ina dripu na dawa za malaria kali kabla mvua haijaanza?

Wapagazi wa zamani hawakuwa na uchaguzi. Mwendo uliamriwa na mwenye msafara. Sisi mwendo ni wetu. Tukimwacha mgonjwa njiani leo, tumeamua wenyewe.