Mtume (s.a.w.) Alitawadha kwa Kibaba, Sisi Twamwaga Ndoo

Sifa njema zote zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu, aliyeyateremsha maji kwa kipimo na akafanya kila chenye uhai kuwa chatokana nayo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Mwisho.

Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, mwezi Oktoba mwaka 2022 kina cha mto Ruvu kilishuka, na mgao wa maji ukatangazwa Dar es Salaam na sehemu za mkoa wetu wa Pwani. Mwaka uliotangulia, 2021, hali ilikuwa kama hiyo. Watu walinyanyua mikono kumwomba Mola wao mvua, na kuomba mvua ni katika Sunna. Lakini tujiulize: dakika chache kabla ya mikono hiyo kunyanyuliwa, ilikuwa ikifanya nini? Ilikuwa chini ya bomba la msikiti, na bomba liko wazi mpaka mwisho. Mwenye bomba anazungumza na jirani yake habari za soko la samaki, na maji yanakwenda zake shimoni.

Twaomba maji kwa ulimi, na kwa mkono twayamwaga. Hilo ndilo tunalotaka kulisema mwezi huu, na tunalisema bila ya kumung'unya maneno: israfu katika miji yetu ya pwani imepiga kambi ndani ya nyumba za Allah, nasi tulio safu ya mbele ndio wenyeji wake.

Hatuwanyooshei wengine kidole na kujisahau. Sisi walimu wa madrasa tumo, tena sisi ndio wa mwanzo. Kwa miaka mingi tumewafundisha vijana mlango wa utwahara: faradhi za udhu, Sunna zake, maji yanayofaa na yasiyofaa. Tumewahifadhisha hayo yote kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na somo la vitendo tukalitoa bombani huku maji yakimwagika tangu bismillahi mpaka dua ya mwisho. Siku moja, tulipofika kwenye Hadithi ya kipimo cha maji ya udhu, mtoto mmoja akauliza, "Ustaadhi, hiyo mudi ni kiasi gani?" Tukamjibu kama tulivyosoma, kwamba ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Hakutosheka. Basi tukatuma mtu kwa bibi mmoja jirani ambaye hata leo hupimia mchele wake kwa kopo la kibaba. Tukalijaza maji, tukaliweka mbele ya darasa. Kisha tukaweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba, tukamwambia kijana mkubwa atawadhe kama anavyotawadha kila siku. Ndoo ilijaa na bado hajaosha miguu.

Watoto walicheka. Sisi hatukucheka.

Kibaba na pishi

Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.), katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Pishi, yaani swaa, ni mudi nne. Angalieni jinsi wazee wetu wa pwani walivyoipa Sunna hii makazi katika lugha yao: kibaba chao kinakaribia mudi, na vibaba vinne ni pishi. Mudi, kwa makadirio ya jumhuri ya wanazuoni, ni karibu robo tatu ya lita. Kila mwaka twaulizana habari za pishi inapofika Zakatul-Fitri, na twagombana juu ya kilo na gramu. Nani kati yetu amewahi kuulizia kibaba anapokwenda kutawadha?

Wapo watakaosema kiasi hicho hakitoshi. Neno hilo si geni. Bukhari ameeleza kwamba mtu mmoja alimwambia Jabir bin Abdillah (r.a.) kuwa pishi moja haimtoshi kuoga, na Jabir akamjibu kwamba ilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye na mbora kuliko yeye. Jibu hilo latosha mpaka leo.

Ipo pia Hadithi mashuhuri ya Sa'd (r.a.) kukatazwa israfu ya maji hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wa Hadithi wamehitilafiana kuhusu isnadi yake, nasi hatupendi kujenga hoja juu ya jambo lenye mvutano na hali yaliyo sahihi yanatosheleza. Qur'ani imekataza israfu katika Suratul-A'raf, aya ya 31, na katika Suratul-Israi, aya ya 27, imewahesabu wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Aya hizo hatukuambiwa kuwa zinakomea kwenye mlango wa msikiti.

Hesabu ya msikiti mmoja

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue msikiti ambao kwa siku nzima watu hutawadha mara 600. Kila mmoja akitumia ndoo ya lita 10, hizo ni lita 6,000. Kila mmoja akitumia vibaba viwili, yaani maradufu ya alichotumia Mtume (s.a.w.), hazifiki lita 900. Tofauti ni zaidi ya lita 5,000. Ni kama kulipindua simtanki la lita 5,000 kila siku iendayo kwa Mungu, kisha jioni tukakaa kusikiliza darsa ya uchamungu.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi tumeupindua msemo: kibaba kwa kibaba twakausha mto.

Na mto wenyewe twaujua. Ruvu huanzia milima ya Uluguru huko Morogoro, ukaingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Mitambo miwili huchota humo maji ya Dar es Salaam na ya miji ya mkoa huu: Ruvu Juu, huko Mlandizi, na Ruvu Chini, iliyomo wilayani Bagamoyo. Baada ya upanuzi, uwezo wa Ruvu Juu ulifikishwa lita milioni 196 kwa siku, na wa Ruvu Chini lita milioni 270. Lakini mtambo hauumbi maji. Mto unapopungua, mtambo hukosa cha kuvuta. Mwezi Novemba mwaka 2022 ulisainiwa mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda ili kuuhifadhia mto huo maji ya kiangazi. Hilo ni jambo la kheri. Hata hivyo hakuna bwawa linaloweza kuushinda mkono uliozoea kumwaga.

Majibu kwa wenye hoja

Wa kwanza husema, "Maji ni ya Allah, hayaishi." Ndiyo, ni ya Allah, na kwa sababu hiyo huna idhini ya kuyachezea. Katika Suratul-Muuminun, aya ya 18, ametukumbusha kuwa ameyateremsha kwa kipimo, na kwamba anao uwezo wa kuyaondoa. Na katika aya ya mwisho ya Suratul-Mulk anawauliza watu nani atakayewaletea maji iwapo yao yatadidimia ardhini. Anayesoma aya hizo akaendelea kuacha bomba wazi amezisoma kwa koo tu.

Wa pili husema, "Sisi tuna kisima chetu, hatumdai mtu." Ndugu yetu, kisima kilicho karibu na bahari si pipa lililozibwa pembeni. Kikivutwa kupita kiasi, maji matamu hurudi nyuma na ya chumvi huingia mahali pake. Tunaujua msikiti mmoja katika pwani hii ambao kisima chake kilianza kukolea chumvi baada ya kufungwa mashine. Haukukosa maji msikiti peke yake, bali walikosa na majirani waliokuwa wakichota hapo. Kuwadhuru majirani kwa jina la ibada ni ibada gani?

Wa tatu ni mwenye wasiwasi, anayerudia kuosha mara tano na sita akidhani anazidisha uchamungu. Mtume (s.a.w.) aliishia mara tatu. Ibn al-Jawzi na Ibn al-Qayyim wote wawili wameandika kwa kirefu juu ya maradhi haya, na wakayahesabu kuwa ni mlango wa Shetani. Mlango huo haufungwi kwa kuongeza maji.

Wa nne husema, "Haya mambo ya mazingira ni ya Wazungu na mashirika yao." Hii ndiyo hoja inayotusikitisha zaidi. Kibaba hakikuja na shirika lolote. Kimetoka Madina, karne kumi na nne zilizopita. Tukiiacha Sunna mpaka wengine wakaizungumza kwa lugha yao, kisha tukaikataa kwa sababu wameizungumza wao, tutakuwa tumejidhulumu mara mbili.

Msikiti ulivyojengwa

Kosa si la mtu mmoja mmoja tu. Jengo nalo hufundisha. Nendeni Kaole, kilomita chache kusini ya mji wa Bagamoyo. Pale pana magofu ya msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale huutia karne ya 13, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kisima cha maji matamu kipo, na bahari haiko mbali. Wapo wanaokwenda pale kutafuta baraka za maji. Laiti wangetafuta mazingatio! Misikiti ya zamani ya pwani, kuanzia Kilwa mpaka Gede karibu na Malindi, ilikuwa na kisima na birika, na mtu akitawadha kwa kuchota. Penye kata mtu huyaona maji yake na hujua amechota mara ngapi. Penye bomba hajui.

Leo tunajengaje? Kuba, mnara, marumaru mpaka kwenye kuta, vioo visivyofunguka, na viyoyozi vya kuondoa joto ambalo vioo hivyo ndivyo vilivyolifungia ndani. Juu kuna paa kubwa la bati lisilo na mchirizi hata mmoja. Mvua ya masika ikinyesha, maji yanachimba uani, na kesho yake kamati inatangaza mchango wa bili ya maji. Umar bin al-Khattab (r.a.), alipoamrisha ujenzi wa msikiti, alitaka watu wasitiriwe na mvua, na akaonya juu ya rangi nyekundu na njano zisije zikawafitini waja. Bukhari ameyataja hayo. Sisi rangi tumezipata, na mvua tumeikosa.

Wazee wetu wa kamati, hatusemi mrudi kukata mikoko kwa ajili ya boriti, kwani mikoko yenyewe imekwisha kuchoka. Tunasema mambo manne ambayo fundi yeyote wa mtaani anayaweza.

La kwanza, paa liwekewe michirizi, au gata kama wasemavyo mafundi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 20 kwa 10 likipata mvua ya milimita 30 hukinga lita 6,000. Kwa vibaba viwili viwili, hayo ni maji ya udhu ya wiki nzima katika ule msikiti tuliouhesabu.

La pili, mabomba yawe ya kubonyeza, yanayojifunga yenyewe, au lirudishwe birika safi lenye mfuniko na kata za kuchotea.

La tatu, mfereji wa maji ya udhu usiunganishwe na wa choo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yaliyoenea pwani yetu, maji yaliyokwisha kutumika katika udhu hayaondoi tena hadathi, lakini yenyewe ni tohara. Basi kwa nini yapelekwe shimoni pamoja na najisi? Yaelekezwe kwenye minazi na miembe ya uani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, anachokula humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka yake.

La nne, anayetaka kutoa chupa za maji Ramadhani, atoe mtungi na vikombe vya kuoshwa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, nasi tukarudi kwenye vikapu. Lakini baada ya Tarawehe chupa zilizonywewa nusu zinalala mpaka barazani, na mvua ikija zinakwenda ufukweni. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Kuuleta njiani je?

Hitimisho

Enyi ndugu, wakati wa mgao wapo mama zetu waliokesha wakisubiri maji, na wajane waliolinunua dumu kwa fedha ya chakula. Nyumba zao ziko ubavuni mwa misikiti yetu, na sauti ya mabomba yetu huwafikia kabla ya sauti ya adhana. Tutawaambia nini siku tutakayoulizwa juu ya kila neema?

Tunawaomba maimamu walitaje jambo hili mimbarini Ijumaa moja tu. Tunawaomba walimu wenzetu waweke kopo la kibaba katika kila darasa la utwahara. Na wewe msomaji, alasiri ya leo fungua bomba kidogo, osha kiungo, lifunge, kisha ndipo uende kwenye kiungo kingine. Hakitapungua kitu katika udhu wako, inshaallah.

Ewe Mola wetu, tupe mvua yenye manufaa, tupe na mikono yenye kuihifadhi, na usituandike miongoni mwa wenye kufanya israfu. Amin.

Wabillahi tawfiq.