Jina Si Ufunguo: Bi Harusi na Tiketi ya Ndege

Leo nina neno kwa mashirika ya ndege, na pia kwa sisi tunaoandika programu. Jina la mtu halifai kuwa ufunguo wa kanzidata. Somo hili tulifundishwa mwaka wa kwanza chuoni, lakini biashara ya usafiri wa ndege ilijengwa kinyume chake, na anayelipia gharama mara nyingi ni mwanamke aliyeolewa juzi.

Hebu tuangalie kwanza mtambo unavyofanya kazi. Ukiweka nafasi kwenye ndege, unafunguliwa rekodi yenye msimbo wa herufi na tarakimu sita. Ndani yake jina lako huandikwa hivi: KAMAU/WANJIKU MRS. Ni herufi kubwa tupu, jina la ukoo, mkwaju, jina la kwanza, halafu cheo. Mtindo huu umerithiwa kutoka enzi za teleprinta na kompyuta kubwa kubwa, wakati American Airlines na IBM walipounda mtambo wa Sabre mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana hata leo kadi ya kuingilia ndegeni inaweza kukuita WANJIKUMRS, kana kwamba ni jina moja.

Ukishalipa, unapewa tiketi yenye tarakimu 13. Tatu za kwanza zinaonyesha shirika. Za Kenya Airways ni 706. IATA iliachana na tiketi za karatasi Juni 2008, kwa hiyo tiketi yako sasa ni rekodi tu kwenye seva fulani. Basi kuna rekodi ya nafasi na kuna rekodi ya tiketi, na jina limenakiliwa kote kuwili. Kama safari ina ndege za mashirika mawili, kuna nakala nyingine huko kwa mshirika. Ukibadilisha jina sehemu moja, nakala nyingine hazitakubaliana nayo. Ndiyo sababu mhudumu hawezi kufuta herufi na kuandika nyingine. Kwa kawaida inabidi tiketi itolewe upya.

Kwani wanakataza kubadilisha jina kwa nini? Sababu ni mbili, na zote zina maana. Ya kwanza ni biashara. Tiketi ya mapema huwa rahisi na ya dakika ya mwisho huwa ghali. Kama jina lingebadilishwa ovyo, watu wangenunua tiketi nyingi Agosti na kuziuza Desemba kwa bei ya kuruka. Ya pili ni usalama. Nchi nyingi hutaka majina ya abiria kabla ndege haijatua, na Marekani ilianzisha mpango wake wa Secure Flight mwaka 2009. Jina la tiketi lazima lilingane na la pasipoti.

Sawa. Lakini sababu hizo zote mbili zinahusu kubadilisha mtu. Bi harusi habadilishi mtu. Mtu ni yule yule, alizaliwa siku ile ile, na ana cheti cha serikali kinachoeleza jina lilivyobadilika. Mtambo hauna mahali pa kuandika jambo hilo, kwa hiyo unamwona kama mtu anayetaka kuuza tiketi.

Dada yangu yalimpata. Tiketi ilinunuliwa kabla ya harusi, kwa jina la baba. Pasipoti yake ilikuwa inakaribia kuisha, akaiomba mpya, na mpya ikatoka na jina la mume. Akashuka mjini na cheti cha ndoa mkononi hadi ofisi ya shirika la ndege. Akaambiwa afute tiketi anunue nyingine kwa nauli ya siku hiyo, ambayo ilikuwa karibu mara mbili. Alirudi Uthiru kwa matatu bila neno. Kesho yake akapiga simu kwa shirika lile lile. Mhudumu mwingine akaomba nakala ya cheti kwa barua pepe, akatoza ada ndogo, na tiketi ikatolewa upya kabla ya jioni.

Kanuni ilikuwa moja, majibu yakawa mawili. Programu isipojua la kufanya, hatima ya mteja huwa mikononi mwa yeyote atakayeshika simu siku hiyo.

Na tusidhani kwamba majina hubadilika siku ya harusi tu. Wangari Maathai alizaliwa Wangari Muta. Baada ya talaka ya mwaka 1979, aliyekuwa mumewe, Mwangi Mathai, alimtaka aache kutumia jina lake. Mama akaongeza herufi moja tu, Mathai likawa Maathai, na ndilo jina alilopokelea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kwa kompyuta, herufi hiyo moja ni makosa ya uchapaji. Kwake ilikuwa uamuzi wa maisha.

Isitoshe, jina la ukoo lenyewe si desturi ya kila mtu. Kule Pwani, mwanamke Mwislamu kwa desturi hubaki na jina la baba yake. Msomali hutumia jina lake, la baba na la babu. Na ndugu zetu kina Ng'ang'a wanajua kwamba mistari ile miwili ya kusomwa na mashine kwenye pasipoti haina alama ya ng', kwa hiyo huandikwa NGANGA, na ndege hupandwa bila matata. Kumbe mifumo hustahimili tofauti ya majina pale wenyewe walipopanga iwe hivyo!

Hapa nyumbani tunao mfano mzuri. Ukibadilisha jina kwenye kitambulisho cha taifa, namba yako inabaki ile ile. Namba ndiyo ufunguo, jina ni maelezo. M-Pesa nayo, tangu 2007, pesa huenda kwa namba ya simu. Jina huonyeshwa ili mtumaji ahakikishe anamtumia nani.

Mashirika ya ndege yangeweza kufanya vivyo hivyo. Waweke jedwali la majina ya abiria lenye tarehe, yaani jina la zamani, jina jipya na hati iliyothibitisha. Watenganishe kitufe cha "abiria mwingine" na kitufe cha "abiria yule yule, jina jipya". Cha kwanza watoze wanavyotaka. Cha pili wasikitumie kupandisha nauli. Tusiambiwe kwamba haiwezekani, maana Ryanair na easyJet hubadilisha jina zima kwa ada.

Wakati tunangoja, wewe unayepanga harusi na fungate zingatia haya:

- Tiketi ifuate pasipoti utakayobeba siku ya safari, si kadi ya mwaliko wa harusi.
- Hakuna sheria ya Kenya inayokulazimisha kuchukua jina la mume. Pasipoti ya jina la zamani ikiwa bado hai, safiri nayo kwanza, ubadilishe ukirudi.
- Ukiamua kubadilisha, fuata mpangilio: cheti cha ndoa, kitambulisho kule Huduma Centre, halafu pasipoti kupitia eCitizen na Nyayo House.
- Kama viza iko kwenye pasipoti ya zamani, uliza ubalozi kabla hujafanya lolote.
- Usifute tiketi mwenyewe. Sema unataka "kusahihisha jina kwa sababu ya ndoa", na uombe jibu kwa maandishi. Kama ulinunua kwa ajenti, anza na ajenti.

Mwisho, kwenu waandishi wa programu wenzangu, kuanzia Kilimani hadi Westlands. Ni rahisi kucheka mitambo ya miaka ya 1960, lakini fomu tunazoandika leo za sacco, bima na hospitali bado zinadai "jina la ukoo" na kulifunga kabisa baada ya kuhifadhi. Fungua kodi yako wiki hii uangalie: mteja wako akiolewa Jumamosi, Jumatatu mfumo wako utamtambua?